Shaba inatoka, unga unaingia: ni nini kinachoamua nani auziane na nani

Mwezi wa Agosti 2024 Zambia ilipofunga mpaka wake na sisi wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kwa siku chache, pale Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, swali ambalo wakazi wa Lubumbashi wamekuwa wakijiuliza miaka nenda miaka rudi lilirudi kwa nguvu: inakuwaje eneo letu la Katanga, linaloipatia dunia shaba na kobalti, litegemee malori ya unga kutoka nchi jirani ili watu wapate bukari, yaani ugali, ya jioni? Majibu hayakukosekana. Wapo waliosema Zambia inatubana kwa makusudi, wengine wakawalaumu wakulima wetu kwa uvivu, na wengine wakasema Wachina ndio wanaopanga kila kitu. Miezi michache baadaye, Februari 2025, serikali iliposimamisha uuzaji wa kobalti nje ya nchi, hoja zilezile zilirudi zikiwa na sura mpya.

Majibu hayo yote hayafiki kwenye kiini. Ili kukifikia, inafaa kwanza tukubaliane juu ya maneno machache. Biashara ya kimataifa ni ununuzi na uuzaji unaovuka mpaka wa nchi, iwe ni meli iliyosheheni shaba au mama anayevusha mabeseni mawili ya nyanya. Mauzo ya nje ni kile tunachowauzia wengine. Uagizaji ni kile tunachonunua kwao. Tofauti ya thamani kati ya viwili hivyo huitwa urari wa biashara. Ushuru wa forodha ni fedha inayotozwa bidhaa ikivuka mpaka, na kwetu hutozwa na DGDA, idara ya forodha ya Congo. Mwelekeo wa biashara ni ile picha inayojitokeza mtu akitazama miaka mingi kwa pamoja: nani anamuuzia nani, kitu gani, kwa kupitia njia ipi.

Watu wengi huanza na dhana kwamba nchi huagiza kile isichoweza kutengeneza. Dhana hiyo ni kweli kwa sehemu ndogo tu. Congo inaweza kulima mahindi, na inayalima. Mwaka 1817 mchumi Mwingereza David Ricardo alieleza kwa nini hata nchi inayoweza kutengeneza kitu fulani huona afadhali kukinunua. Tumchukue mshonaji wa mtaa wa Kamalondo hapa Lubumbashi ambaye hushona gauni kwa saa mbili na kukaanga beseni la mandazi kwa saa moja. Jirani yake hutumia saa sita kwa gauni na saa mbili kwa beseni la mandazi. Mshonaji anamshinda jirani katika kazi zote mbili, na mtu angedhani hana sababu ya kununua kitu kwake. Lakini kila gauni moja linamgharimu mshonaji muda wa mabeseni mawili, ilhali jirani gauni lamgharimu muda wa mabeseni matatu. Wakikubaliana kubadilishana gauni moja kwa mabeseni mawili na nusu, mshonaji anatumia saa mbili na kupata mandazi ambayo yangemchukua saa mbili na nusu. Jirani anatumia saa tano na kupata gauni ambalo lingemchukua saa sita. Wote wawili wamepata. Kinachoamua si nani hodari zaidi kwa ujumla, bali kila mmoja anapoteza nini anapochagua kazi moja na kuacha nyingine. Wachumi huiita hali hiyo faida linganishi.

Kwa Katanga hesabu hiyo inaeleweka haraka. Kijana mwenye nguvu, lori, dizeli na mtaji vinaweza kwenda shambani au mgodini, na kwa muda mrefu mgodi umelipa zaidi. Mji wa Lubumbashi wenyewe ulizaliwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, reli kutoka kusini ilipofika, na tangu wakati huo mikono imekuwa ikivutwa upande wa madini huku chakula kikitafutwa kwingine.

Hata hivyo, mtu akiishia kwa Ricardo atakuwa ameelewa nusu tu, na nusu hiyo inaweza kumpotosha. Hesabu yake inaonyesha kwamba faida ipo. Haisemi itagawanywa vipi. Wala haisemi kwamba unafuu wa kila nchi umeandikwa tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Mahindi ya Zambia ni nafuu kwa sehemu kwa sababu serikali ya Zambia imetumia fedha za hazina kwa miaka mingi kuwapunguzia wakulima wadogo bei ya mbolea na mbegu. Unafuu huo umejengwa na watu, na unaweza kuyumba: mwaka 2024 ukame ulipoyaharibu mavuno, Zambia ilitangaza janga la kitaifa na mahindi yake ikayazuia yasitoke. Anayemwita mkulima wa Katanga mvivu anamlinganisha na mtu aliyepewa mbolea, barabara na mnunuzi wa uhakika, ilhali yeye hana hata kimoja.

Tufike sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote hapa kwetu, nalo ni gharama ya njia.

Mwaka 1962 mchumi Mholanzi Jan Tinbergen alionyesha kwamba nchi mbili huuziana zaidi kadiri uchumi wao ulivyo mkubwa, na huuziana kidogo kadiri umbali kati yao unavyoongezeka. Kanuni hiyo imepimwa mara nyingi na bado inasimama. Lakini umbali unaohesabika si wa ramani. Ni umbali wa siku, wa mafuta, wa vizuizi na wa fedha zinazoachwa barabarani. Kwa kipimo hicho, Lubumbashi iko karibu na Ndola ya Zambia na Johannesburg kuliko ilivyo karibu na Kinshasa. Nchi yetu ina bandari ya Matadi, lakini ile inayoitwa njia ya kitaifa inataka mzigo upande treni hadi bandari ya mtoni ya Ilebo, ushushwe, upakiwe kwenye mashua hadi Kinshasa, ushushwe tena, kisha upande treni nyingine hadi Matadi. Kila kushusha na kupakia ni siku, ni malipo, ni mlango wa wizi. Ndiyo maana shaba yetu huondoka kupitia nchi za watu: Dar es Salaam ikiwa karibu kilomita 2,000, Durban ikiwa zaidi ya kilomita 2,500, na bandari za Beira, Walvis Bay na Lobito kwa viwango tofauti.

Tulitazame lori moja kwa karibu. Tuseme limebeba tani 30 za katodi, yaani vile vibao vya shaba safi vya karibu mita moja kwa mita moja vinavyofungwa kwa mikanda ya chuma na kupangwa sakafuni mwa trela. Bei ikiwa dola 9,000 kwa tani, kiwango kilichokaribiana na wastani wa mwaka 2024, mzigo huo una thamani ya dola 270,000. Upande wa pili wa barabara linakuja lori lililobeba tani 30 za unga, yaani mifuko 1,200 ya kilo 25. Tuseme kila mfuko unauzwa dola 20. Thamani ya lori zima ni dola 24,000. Foleni ya mpakani, iliyowahi kunyoosha makumi ya kilomita, ikiongezea kila lori gharama ya dola 1,200, mwenye shaba amepoteza chini ya nusu ya asilimia moja ya mzigo wake. Mwenye unga amepoteza asilimia tano, na hiyo ni dola moja juu ya kila mfuko, ambayo hataikubali kwenye faida yake bali ataipeleka sokoni. Bei za mfano huu ni za kukadiria, lakini uwiano wake ndio unaofanya kazi kila siku. Njia mbovu haiui biashara ya kitu cha thamani kubwa na uzito mdogo. Inaua biashara ya kitu cha uzito mkubwa na thamani ndogo, na chakula kiko katika kundi hilo la pili.

Uwiano huo ndio unaofumbua fumbo tulilolianza. Shaba inaweza kuvumilia kilomita 2,000 na vizuizi vyote vya njiani. Mahindi ya kaskazini mwa Katanga, ambako ardhi ni nzuri, hayawezi kuvumilia hata mia chache za barabara ya matope, na hivyo yanaozea huko huku mfuko wa Zambia, uliopita kwenye lami, ukiwahi sokoni Kenya na Katuba, mitaa ya hapa Lubumbashi. Mkulima wa Kongolo, huko kaskazini, na mlaji wa Lubumbashi wako katika nchi moja, wanatumia faranga moja, hakuna ushuru wa forodha kati yao, lakini kibiashara wako mbali kuliko Lubumbashi na Guangzhou ya Uchina. Hilo si neno la kutia chumvi. Tangu makontena yalipoanza kutumika baharini mwaka 1956, usafirishaji wa majini umekuwa nafuu kiasi kwamba mara nyingi safari ya kontena kutoka bandarini hadi kwetu hugharimu zaidi ya safari yake ya kuvuka bahari.

Gharama ya njia inaeleza pia jambo jingine linalozungumzwa sana, nalo ni kwa nini hatusafishi madini yetu hapa. Kauli hiyo, ikisemwa kwa jumla hivyo, si sahihi. Sehemu kubwa ya shaba yetu husafishwa hapahapa hadi kufikia katodi, na sababu ni uzito. Mwamba wenye shaba asilimia tatu ungehitaji malori zaidi ya thelathini kupeleka shaba ambayo ikisafishwa inaenea kwenye lori moja. Hakuna anayelipia dizeli ili asafirishe udongo. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kazi hufanyika karibu na mgodi.

Kobalti ina hesabu tofauti. Huondoka kwa wingi kama hidroksidi, unga wenye unyevunyevu ambao karibu asilimia 30 yake ni kobalti yenyewe. Viwanda vya betri mara nyingi huhitaji salfeti ya kobalti, na salfeti hiyo, kwa kuwa imeshikamana na maji mengi ndani ya fuwele zake, ina kobalti karibu asilimia 21 tu. Maana yake ni kwamba tukiigeuza hapa, tungeongeza uzito wa kusafirisha badala ya kuupunguza. Ndiyo maana hatua hiyo huvutwa upande wa mnunuzi, na mnunuzi mkubwa ni Uchina, ambako karibu robo tatu ya kobalti ya dunia husafishwa na ambako viwanda vya betri vimejaa. Kuitengeneza kobalti kuwa metali kungeondoa tatizo la uzito, na Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, iliwahi kufanya hivyo katika kiwanda chake cha Luilu, lakini kazi hiyo inakula umeme, nao umeme wa Katanga hautoshi. Waya mkubwa unaotoka mabwawa ya umeme ya Inga, magharibi mwa nchi, wa karibu kilomita 1,700, ulikamilika miaka ya mwanzo ya 1980, na tangu hapo migodi imeongezeka kuliko umeme, hadi makampuni yananunua umeme wa nchi za kusini na kuwasha majenereta. Anayetaka kiwanda cha metali au cha betri hapa ni lazima aanze na swali la umeme kabla ya swali la sheria.

Sheria zina nguvu zake, hata hivyo, na mwaka 2025 ulitupa somo la wazi. Congo hutoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani. Wengi walikuwa wakiuliza: mwenye sehemu kubwa hivyo anakosaje kupanga bei? Jibu lilikuwa kwamba alikuwa hajaizuia. Kobalti ilichimbwa kwa wingi kupita mahitaji, ghala za wanunuzi zikajaa, na mwanzoni mwa 2025 bei ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 21,000 kwa tani, baada ya kuwahi kupita dola 80,000 mwaka 2022. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha uuzaji nje kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, kisha kuanzia Oktoba ikaweka kikomo cha mauzo kwa kila mwaka: tani 96,600 kwa mwaka 2026 na kiasi hichohicho kwa 2027. Kabla ya mwaka kwisha bei ilikuwa imepanda zaidi ya mara mbili.

Je, basi tufunge bomba zaidi na zaidi? Hapa ndipo tahadhari inapohitajika. Mnunuzi naye ana miguu ya kutembea. Indonesia, inayopata kobalti pamoja na nikeli yake, imekuwa mtoaji wa pili duniani kwa kasi kubwa. Sehemu kubwa ya magari ya umeme yanayouzwa Uchina hutumia betri za chuma na fosfati, ambazo hazina kobalti hata kidogo. Bei ikikaa juu muda mrefu mno, wahandisi wa betri hupata sababu ya kuisahau kobalti kabisa. Uwezo wa kuzuia ni silaha halisi, na nadhani serikali ilifanya sawa kuitumia, lakini inafanya kazi kwa kipimo na kwa muda.

Wanaosema Wachina ndio wanaopanga bei ya shaba nao wanachanganya mambo mawili. Bei ya rejea ya shaba hupatikana katika soko la metali la London, lililoanzishwa mwaka 1877, ambako wauzaji na wanunuzi wa dunia nzima hukutana. Uchina, kwa kuwa hutumia zaidi ya nusu ya shaba safi ya dunia, huivuta bei hiyo juu viwanda vyake vikipamba moto na kuiacha ishuke vikipoa. Ina uzito mkubwa, lakini haiandiki bei peke yake.

Takwimu zenyewe zinahitaji kusomwa kwa makini. Katika hesabu za mauzo ya nje ya Zambia, Uswisi imekuwa ikitajwa miaka mingi kama mnunuzi mkuu wa shaba, na msomaji anaweza kujiuliza nchi hiyo ndogo ya milima inafanyia nini shaba yote hiyo. Haiipokei. Makampuni ya biashara ya madini yana ofisi Uswisi, hununua mzigo kwa karatasi, na mzigo wenyewe huelekea Asia. Karatasi hufuata njia moja na shaba njia nyingine, na mara nyingi kodi hufuata karatasi.

Lipo kosa jingine la kusoma takwimu, na hili linaumiza watu zaidi. Tunaposikia kwamba mauzo yetu ya nje yamezidi uagizaji, tunadhani kuna fedha iliyobaki nchini ambayo mtu ameificha. Wizi upo na lazima upigwe vita, lakini hata bila wizi urari mzuri si mfuko wa taifa. Shaba inauzwa na kampuni. Kampuni inalipa mikopo yake, inanunua mashine, salfa na mafuta kutoka nje, na kuwapelekea wenye hisa faida yao. Kinachobaki kwetu ni mishahara, manunuzi yanayofanyika hapa, na kodi. Mrabaha wa madini, yaani malipo ya mchimbaji yanayohesabiwa kwa thamani ya madini anayouza, chini ya sheria ya mwaka 2018 ni asilimia 3.5 kwa shaba na asilimia 10 kwa kobalti, na katika huo nusu huenda serikali kuu, asilimia 25 mkoani, asilimia 15 kwa serikali za mitaa panapochimbwa, na asilimia 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Anayetaka kujua kama biashara ya shaba inamfaa mtu wa miji ya migodi kama Kipushi au Fungurume afuatilie asilimia hizo 15 zinafika lini na zinajenga nini, kwani hapo ndipo mahali pa kuuliza kwa jina na kwa tarakimu.

Vivyo hivyo, uagizaji si hasara kwa asili yake. Pampu ya maji, dawa, mbolea na jembe huingia kwa njia ileile inayoingizia bia. Mzozo wa Agosti 2024 ulitokana na jambo hilo hasa: Congo ilikuwa imezuia kwa muda uagizaji wa bia na vinywaji baridi ili kulinda viwanda vyake, madereva na wafanyabiashara wakalalamika, fujo zikatokea upande wetu, Zambia ikafunga mpaka. Kulinda kiwanda kichanga kunaweza kuwa na maana, mradi kinalindwa kwa muda unaojulikana na kinakua kweli. Lakini jirani huyo wa bia ndiye jirani wa unga, na ndiye mwenye barabara ya shaba. Anayegusa bidhaa moja mpakani anazigusa zote.

Mikataba nayo tunayo mingi. Tumo katika SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, na COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, tuliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na tumo katika eneo huru la biashara la Afrika lililoanza kazi Januari 2021. Yote huahidi kupunguza ushuru kwa bidhaa yenye cheti cha asili, yaani uthibitisho wa nchi ilikotoka. Mfanyabiashara mdogo wa Kasumbalesa atakuambia kwamba ushuru si tatizo lake kubwa. Tatizo ni idadi ya meza anazopita, kila moja na karatasi yake na risiti yake, na nyingine bila risiti. Mkataba hauondoi meza hizo mpaka mtu aziondoe.

Mtu akitaka kujua mwelekeo wa biashara yetu utakuwaje miaka ijayo, aitazame reli ya Lobito, inayotoka bandari ya Lobito nchini Angola. Njia hiyo ilifika mpaka wa Congo kabla ya 1930, vita vya Angola vikaikata mwaka 1975, na sasa imefufuliwa chini ya mkataba wa miaka 30 na makampuni ya nje. Mazungumzo mengi ni juu ya shaba itakayoshuka na nani ataipokea, Marekani au Uchina. Kwa mkazi wa Lubumbashi swali zito zaidi ni mabehewa yatarudi yakiwa na nini. Treni isiyopata mzigo wa kurudi humtoza mwenye mzigo wa kwenda gharama ya safari zote mbili. Ikirudi na salfa na mashine za migodini tu, tutakuwa tumepata njia nyingine ya shaba. Ikirudi na mbolea, na vituo vya njiani upande wetu vikapata ghala na barabara za kuunganisha mashamba, mahindi ya Dilolo na Kasaji, miji yetu iliyo kando ya reli hiyo, yatapata kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi bei ya usafiri inayoweza kushindana na lori la Zambia. Hayo yote hujadiliwa katika ratiba za treni, nauli za tani na mikataba ya ghala, na huko ndiko wabunge wetu wa mkoa wanapaswa kuulizwa sasa, kabla nauli hazijapangwa bila mkulima kuwemo mezani.